Ramani ya Watoto wa Ng'ambo

Mkono wangu wa kuandika ulikuwa mzuri kuliko akili yangu. Leo vidole vinatetemeka hata nikishika kikombe cha chai, lakini wakati ule wa Zaire, nilipokuwa kijana wa ofisi mjini Kindu, mkono huo ndio ulionipa kazi, na ndio uliofunga shule ya mjomba wangu. Watu wa kwetu husema shule ilifungwa na wakubwa wa mkoa, kule Bukavu. Barua ilitoka Bukavu, sibishi. Ramani ilitoka kwangu.

Nilikuwa karani wa muda katika ofisi ya ukaguzi wa shule. Nilikuwa na meza, kiti na kidau cha wino, ila sikuwa na namba ya utumishi. Kila asubuhi nilisimama uani na wenzangu kuimba na kukatika viuno kwa ajili ya Chama, kila Jumamosi nilifyeka majani ya barabara kwenye salongo, kazi ya lazima ya umma, na bado kwenye orodha ya watumishi wa dola jina langu halikuwepo. Tulikaa Mikelenge, kwenye kiwanja cha mama yangu, nyumba na mihogo vikigombania nafasi. Mke wangu alikuwa ameshaacha kuniuliza habari za namba. Mama yangu aliniuliza kila siku nikivua viatu.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mwalimu ng'ambo. Kwetu ng'ambo ni upande wa pili wa Lualaba, ambako huendi ila kwa mtumbwi. Ukishavuka unafuata barabara ya Kalima mpaka miguu ikuambie, halafu unakata kulia kwenye njia nyembamba ya msituni, na kama ulitoka mapema unafika kijijini kwake watu wakila cha mchana. Ni kijiji cha Waislamu. Wazee wao walikuja na biashara ya pwani zamani za babu wa babu, misafara ikaisha, wao wakabaki na kofia zao, dini yao na mpunga wao. Watoto wao hawakusoma kwa miaka mingi, kwa sababu shule zilikuwa za mapadri, na padri alitaka mtoto abatizwe kwanza.

Mjomba alikubali kubatizwa. Walimpa jina la mtakatifu ambaye mjomba mpaka anakufa hakujua alifanya nini duniani. Akasoma, akawa mwalimu, akarudi kwao, akavaa tena kofia yake. Baadaye dola ikapiga marufuku majina ya kizungu, na jina la mtakatifu nalo likaenda zake. Alikuwa akilicheka jambo hilo mwenyewe.

"Miye, mwipwa, jina wananivalisha, wananivua, sawa kaputula," aliniambia.

Lakini hakutaka mtoto mwingine avalishwe. Alijenga shule kwa udongo na majani, vyumba vitatu vya madarasa sita, magogo yakiwa viti, ili, kama alivyosema, mutoto asome na jina yake. Ilikuwa shule ya kijiji tu, isiyojulikana na mtu, mpaka dola ilipozichukua shule zote kutoka kwa mapadri. Hapo mjomba alivuka mto akiwa na bahasha, akakaa kwenye benchi la ofisi yetu siku nne, na siku ya nne shule yake ikatambuliwa. Akapewa bendera na muhuri. Muhuri ndio uliokuwa kila kitu. Shule yenye muhuri hupeleka darasa la sita kwenye mtihani wa dola, mtoto akapata cheti, na mwenye cheti anaweza kuendelea. Shule isiyo na muhuri, mtoto wake amesoma bure. Mjomba aliufunga muhuri ule kwenye kitambaa cha kilemba cha baba yake.

Halafu ikaja amri ya ramani.

Wakubwa walikuwa wamechoka na wanafunzi wa kwenye karatasi. Kulikuwa na wakuu wa shule walioandika majina ya watoto wasiokuwepo, wengine hata ya waliokufa, ili shule ionekane kubwa. Basi amri ikasema: kila ofisi ya ukaguzi ichore ramani ya eneo lake lote, kwetu kutoka mitaa ya mjini kushuka na mto mpaka kukaribia Lokandu, na kuvuka kwenda kwenye vijiji vya ng'ambo. Kila shule ichorewe duara, upana wake mwendo wa saa moja wa mtoto pande zote. Kila mwanafunzi awe nukta nyekundu. Shule ambayo duara lake lina nukta chache itafungwa. Mahali penye nukta nyingi pasipo na shule patapewa shule. Na nukta iwekwe pale mwandishi alipomwona mtoto kwa macho yake, si pale mwalimu anaposema mtoto anakaa.

Niliisoma amri ile nikaipenda. Nasema ukweli wangu. Niliona ni mara ya kwanza dola inataka kujua kitu badala ya kutuambia kitu. Tena ilitaka mtu mwenye mkono mzuri.

Mkaguzi wetu alikuwa mtu wa mbali, amekulia Kinshasa, Kiswahili chake alikiokota njiani. Alinipa dira ya zamani iliyoachwa na wapimaji wa reli, karatasi ya kalki, ile nyembamba unayoona chini yake, na upande wa ng'ambo.

"Wewe iko na famille kule," alisema. "Utapata fasi ya kulala. Lete kazi mbele ya Noeli."

Kabla ya Noeli. Mtu yeyote wa Maniema angejua pale pale kuna tatizo. Mimi nilijua. Ni majuma ambayo mpunga unaiva, na mpunga ukiiva kijiji hakina watoto. Ndege wanashuka kama mvua, na wasipofukuzwa tangu kunapambazuka mpaka jua lizame, mwaka mzima wa chakula unakwenda matumboni mwao. Wanaofukuza ni watoto. Wanahamia mashambani na mama zao, wanalala huko kwenye vibanda, wanashinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti, wakipiga makopo na kurusha mawe kwa kombeo. Mimi mwenyewe nimeshinda juu ya dungu nikiwa mdogo, kwenye mashamba ya hao hao wajomba zangu. Shule hufungwa bila kutangazwa, na mpunga ukishavunwa hufunguliwa bila kutangazwa. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kuliandika jambo hilo mahali popote.

Nilikwenda. Kila hatua mia nilihamisha punje moja ya harage kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, na jioni nilihesabu maharage nikachora. Nilipofika kijijini nilikuta mbuzi, vikongwe wawili, na mjomba amesimama mbele ya shule, abakosti, lile koti la watu wa dola, imefungwa vifungo mpaka shingoni kwenye joto lile, beji ya Chama kifuani. Nyuma yake madarasa yalikuwa yamefagiliwa, hayana mtu.

"Shikamoo, mujomba. Watoto wako wapi?"

"Marahaba, mwipwa. Si unajua? Wako kwa ndege."

Nikamweleza amri. Nikamweleza duara, nukta, na macho ya mwandishi. Nikamwambia ninaweza kusubiri majuma matatu, nimdanganye mkaguzi kwamba nina homa. Jambo hilo nililisema kweli, na mara nyingi nimejishika nalo kama mtu anayezama. Mjomba alitikisa kichwa.

"Hapana. Ukingoja, watasema tulikusanya watoto wa kuazima. Wasitutukane eti ni waongo. Tutaenda kuwaona wote fasi wako. Mumoja mumoja. Hata mumoja hatabaki."

Mwaka ule walikuwa wamelima mbali. Msitu wa karibu ulikuwa umechoka, wakafyeka upande wa kaskazini, ng'ambo ya kijito, mwendo wa saa mbili na nusu, kwingine saa tatu. Mjomba alikuwa na mguu mbovu tangu enzi za maasi, na bado siku tisa alitangulia mbele yangu, daftari la mahudhurio kwapani, likiwa limefungwa kwenye jani la mgomba kwa ajili ya mvua. Tulikwenda dungu kwa dungu. Alisimama chini, akafungua daftari, akaita jina. Mtoto akaitika kutoka juu bila kuacha kuzungusha kombeo. Mimi nikatazama dira, nikahesabu maharage, nikaweka nukta.

Wa darasa la sita hakuwaacha hivi hivi. Walikuwa kumi na mmoja, na ndio wangekuwa wa kwanza kwenda kwenye mtihani wa dola kwa muhuri wake.

"Kilo moja iko na gramu ngapi?" aliuliza akiwa chini kwenye matope.

"Elfu moja, mwalimu!" Jiwe likaruka, kundi la ndege likainuka.

"Na saba mara nane?"

"Makumi tano na sita, mwalimu!" Kopo likalia.

Alinigeukia na uso wote umefunguka. Sijawahi kumwona mtu mzima ana furaha namna ile. Kila nukta niliyoiweka aliinama kuitazama, kidole chake karibu kabisa na karatasi bila kuigusa. "Weka muzuri," alisema. "Na ule wa kando ya kichuguu, umemuweka?" Siku ya nane mama mmoja alituambia binti yake ana homa, amelala kibandani upande wa pili wa kinamasi, tumwandike tu. Nilikuwa tayari kumwandika. Mjomba alivua viatu akaingia kinamasini hadi magotini, mimi nyuma yake, kwa sababu amri ilisema macho. Binti alitutazama akiwa chini ya nguo, akaitika jina lake kwa sauti ndogo. Nikaweka nukta.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Yeye na mimi. Hatukumwacha hata mmoja.

Nilirudi Kindu, nikafunga mlango wa ofisi, nikaanza kupitisha wino. Kwanza mto, kisha barabara, kisha shule na madarasa yake, kisha maduara kwa bikari. Nukta nyekundu niliziacha mwisho. Nilipomaliza upande wa kijiji cha mjomba nilisimama ili nione.

Ndani ya duara la shule yake kulikuwa na nukta tano, za watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa mwaka ule wakalima vishamba vya karibu. Waliobaki wote walikuwa nje, juu, kaskazini, wamejaa pamoja kama upele. Mtu asiyejua mpunga angeangalia ramani ile akasema: shule hii iko mahali pasipo na watoto, na watoto hawa wako mahali pasipo na shule. Na ramani ilikuwa inakwenda kwa watu wasiojua mpunga.

Nikachukua kalamu nyembamba kabisa nikaandika pembeni, karibu na nukta, kwa herufi ndogo lakini safi: kwamba watoto hawa wanakaa kijijini, hatua chache na shule, kwamba mwandishi amewakuta mashambani wakifukuza ndege kwenye mpunga, kwamba mashamba haya huhama kila mwaka na mwakani hapatakuwa na mtu. Mistari mitatu. Nilipulizia wino ukauke, roho ikatulia.

Mkaguzi aliinua ramani akaielekeza dirishani. Akaisifu. Aliwaita makarani wengine waje waone kazi, na mimi nikasimama pale nimevimba kichwa. Halafu kidole chake kikafika kwenye mistari mitatu.

"Na hii littérature ya nini?"

Nikamweleza habari za ndege. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza kelele za jirani.

"Karte haiko barua, citoyen. Bukavu watasema sisi hapa tunabishana na amri. Toa hii. Halafu nitatuma karte, na jina yako juu ya barua ya namba. Vyote pamoja, enveloppe moja."

Alitoka. Hakunishika mkono, hakunitisha, hakupaza sauti. Aliacha wembe mezani, ule tuliochongea penseli, na huo huo ndio unaotumika kutoa wino kwenye kalki. Haufuti. Unakwaruza polepole, ukiulaza wembe, mpaka ngozi ya juu ya karatasi itoke pamoja na wino, kisha unasugua kwa ukucha ili pang'ae. Kazi inataka mkono mzuri. Nilikwaruza mstari wa kwanza nikijiambia nitamwandikia mjomba, naye aandike barua yake ya kueleza. Wa pili nikajiambia Bukavu hawana haraka. Wa tatu sikujiambia kitu. Chai yangu ilikuwa bado ya moto nilipomaliza.

Sikumwandikia mjomba. Ningemwandikia nini? Ningeanza na nini?

Namba ilikuja baada ya miezi kadhaa. Mama alichinja, majirani wa Mikelenge wakaja kula, na mjomba akavuka mto na kuku wawili na kapu la mchele mpya, mchele ule ule. Alikaa kwenye kiti nilichomwekea, akanishika mkono wa kuume, akauinua watu wauone.

"Sasa tuko na muntu ndani ya dola," alisema. Kisha kwa sauti ya chini: "Na karte? Waliipenda?"

"Waliipenda, mujomba."

"Nilijua. Juu ya tulifanya kazi ya kweli."

Niliuacha wali sahanini. Nilitoka nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, nikasimama huko mpaka mke wangu akaja kunitafuta. Hata yeye sikumwambia. Nilikuwa na miezi mizima ya kusema, kwa mkaguzi mwingine, kwa mwalimu, kwa mama yangu, kwa mtu yeyote, na kila asubuhi nilivaa shati langu nikaenda kuitikia namba yangu. Ukiniuliza niliogopa nini, niliogopa kurudi kuwa mtu wa kuulizwa habari za namba. Hakuna zaidi ya hapo. Ningependa kiwe kitu kikubwa zaidi.

Barua ilifika mwaka wa shule uliofuata. Shule ya kijiji imefungwa, kwa kuwa wanafunzi wake wanaishi mbali nayo. Shule mpya imeamuliwa, kaskazini, mahali palipoonyeshwa kwenye nakala ya ramani iliyoambatishwa. Mwalimu fulani, yaani mjomba, ameteuliwa mkuu wa shule hiyo mpya na aripoti huko. Vifaa vya kujengea vitafuata. Muhuri, bendera na madaftari ya shule iliyofungwa virudishwe ofisini. Mkaguzi alinisukumia bahasha mezani.

"Wewe njo unajua njia," alisema, yaani mimi ndiye ninayeijua.

Nilivuka mto. Nilipokaribia kijiji nilisikia watoto kabla sijaona nyumba. Mwaka ule walikuwa wamefyeka nyuma ya shule yenyewe, mpunga wa kijani ukianzia pale kivuli cha paa kilipoishia. Ndege wangekuja, watoto wangefukuza, na kengele ya shule wangeisikia wakiwa juu ya dungu. Nilisimama kwenye dirisha lisilo na ubao wa kufungia. Wale waliokuwa la tano walikuwa sasa la sita, pamoja na wale kumi na mmoja wa mwaka uliopita. Mtihani ule wa kwanza walikuwa wameukosa, makaratasi hayakufika, mto ulikuwa umejaa, hakuna aliyelaumiwa, na mjomba aliwabakiza wote warudie. Walikuwa wanaimba mito ya Zaire kwa mpangilio.

Mjomba alisoma barua akiwa amesimama. Aliisoma yote, akarudi juu akaisoma tena. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Na mutihani?"

"Shule bila muhuri haina mutihani, mujomba."

"Na ile mupya?"

"Haijajengwa."

Aliingia darasani, akawaambia watoto wamalizie mito, halafu waende nyumbani. Sitasema mengi juu ya watoto hao, kwa sababu ninakutana na baadhi yao mpaka leo. Wawili walipata ndugu wa kuwaweka mjini wakafanya mtihani. Wavulana wengine walikwenda Kalima kuchimba madini. Yule binti wa homa, ambaye tulivuka kinamasi ili tumwone, aliolewa kabla mpunga ule wa nyuma ya shule haujavunwa. Aliniuzia mafuta ya mawese sokoni miaka mingi baadaye, akahesabu chenji haraka kuliko mimi.

Mjomba alikileta kitambaa cha kilemba, akakifungua, akanipa muhuri. Kitambaa alikirudisha mfukoni. Nilidhani ameshamaliza nami.

"Twende unionyeshe," alisema.

"Tuende wapi, mujomba?"

"Shuleni kwangu. Si wameandika niripoti? Wewe njo ulipima."

Nilimwambia mguu wake hautaweza. Alikuwa tayari yuko njiani. Nilijaza maharage mfukoni, kwa sababu sikujua kufanya jambo lingine, na tukatembea zile saa mbili na nusu, yeye mbele, mimi nyuma, nikihamisha punje. Kijito kilikuwa pale pale. Baada ya kijito njia ilianza kupotea. Yale yaliyokuwa mashamba mwaka ule sasa yalikuwa vichaka, miti laini imeshatupita urefu, mihogo michache iliyosahauliwa imezongwa na majani. Madungu yalikuwa yameanguka. Tulilipita moja, kopo bado limefungwa kwenye kamba.

Nilisimama maharage yaliponiambia nisimame. Kulikuwa na kichuguu na mpapai dume.

"Njo hapa?" aliuliza.

"Njo hapa."

Nilikuwa nimepima sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba sikukosea hata hatua ishirini. Mjomba aligeuka pande zote nne taratibu, kama anavyofanya mwalimu anapohesabu darasa. Hapakuwa na sauti ya mtoto wala ya ndege. Alikaa kwenye kichuguu, akakunjua nakala ya ramani juu ya magoti, akaanza kuzipitia nukta moja moja, akitaja majina kwa midomo tu. Aliyakumbuka yote bila daftari. Wakubwa hawakuwa na haraka hata ya kunakili. Walikuwa wamemrudishia kalki yangu yenyewe, na muhuri wa Bukavu juu yake. Kidole gumba chake kikafika pembeni, kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena. Akaiinua karatasi kwenye mwanga. Pale mahali palikuwa pamekwaruzwa, pembamba kuliko pengine, na mwanga ulipita.

"Mwipwa. Hapa ilikuwa kintu gani?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kujibu. Muhuri wake ulikuwa mfukoni mwangu, pamoja na maharage.

"Wino ulimwagika, mujomba. Nikautoa."

Alinitazama kwa huruma. Kwa huruma, Mungu wangu.

"Pole," alisema. "Kazi yako nayo iko nguvu."

Akaikunja ramani vizuri, akaitia ndani ya abakosti. Akavua kofia akaniomba nimshikie, kisha akainama, na mguu wake ule mbovu umenyooshwa kando, akaanza kung'oa majani.